Kuhukumu fainali ya tufe wanaume kwa kiwango cha ubingwa: mwongozo kamili kwa mwamuzi

Tarehe 5 Oktoba 2019, katika uwanja wa Khalifa mjini Doha, Tom Walsh wa New Zealand aliingia duarani kwa mrusho wake wa kwanza wa fainali ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, akalipeleka tufe mita 22.90. Rekodi ya mashindano hayo, mita 22.23 ya Mswisi Werner Günthör, ilikuwa imedumu tangu Roma 1987. Ilianguka palepale, na mpaka raundi ya mwisho inaanza hapakuwa na mtu aliyemfikia Walsh. Ndipo Joe Kovacs wa Marekani akarusha 22.91. Mmarekani mwenzake, Ryan Crouser, akarusha 22.90. Dhahabu ikaenda kwa Kovacs, fedha kwa Crouser, na Walsh aliyeongoza karibu jioni nzima akaondoka na shaba. Darlan Romani wa Brazil alifika 22.53, umbali ambao ungemtosha kwa dhahabu katika mashindano yote ya dunia yaliyotangulia, na hakupata hata medali.

Kila ninapokaa na waamuzi wapya huanza na jioni hiyo. Watu hukumbuka misuli ya wale wanaume. Mimi humfikiria aliyeweka alama pale tufe lilipotua, maana tofauti kati ya dhahabu na shaba ilikuwa sentimita moja, na sentimita moja ni unene wa kidole. Alama ikiwekwa ovyo, bingwa wa dunia ni mtu mwingine. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa michezo, mwamuzi wa mkoa, au yeyote anayetaka kuendesha tufe la wanaume kama linavyoendeshwa huko juu, hata kama uwanja wake ni wa nyasi za shule na mistari ya chokaa.

Anza na duara, siku moja kabla

Duara la tufe lina kipenyo cha ndani cha mita 2.135. Pima wewe mwenyewe, hata kama umeambiwa limeshapimwa. Weka tepu kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati, kisha rudia kwa pande tatu tofauti, kwa sababu pete ya chuma iliyokaa miaka uwanjani hupinda na duara likawa yai. Sakafu ya ndani inatakiwa iwe chini ya ukingo wa pete kwa takriban sentimita 2, iwe ya zege tambarare, isiteleze na isikwaruze viatu kupita kiasi. Mvua ikinyesha maji yasituame humo. Andaa fagio, taulo kavu na gunia la kufutia miguu.

Nje ya pete, kushoto na kulia, kunachorwa mstari mweupe wa upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 75 kila upande. Ukingo wa nyuma wa mstari huo, ukiuendeleza kwa mawazo, unapita katikati ya duara. Wengi huuona kama pambo, kumbe ndio unaoamua kama mrushaji ametoka kwa nyuma au kwa mbele. Uchore vizuri, na upake upya kila unapofifia.

Mbele unakaa ubao mweupe wa kuzuia mguu, wenye kimo cha sentimita 10 na urefu wa kama mita 1.21 kwa upande wa ndani. Upande huo wa ndani lazima ulingane na ukingo wa ndani wa pete. Upige teke kwa nguvu. Ukicheza, urudi kwa fundi, kwa sababu mtu wa kilo 130 atausukuma kwa mguu mara sita.

Sekta

Sekta ni eneo la mbele ya duara ambamo tufe linatakiwa litue. Pembe yake ni nyuzi 34.92, namba inayowatisha watu bila sababu. Huhitaji kipimapembe. Namba hiyo ilichaguliwa ili kila mita moja unayosogea kutoka katikati ya duara, nafasi kati ya mistari miwili iongezeke sentimita 60. Kwa mita 20, upana ni mita 12. Kwa mita 25, upana ni mita 15.

Kwa hiyo piga msumari katikati ya duara kamili, funga kamba ya manila, vuta mita 20 kuelekea upande mmoja na weka kigingi. Kutoka hapo mtu wa pili anavuta mita 12, wa tatu anavuta mita 20 nyingine kutoka kwenye msumari, na pale kamba mbili zinapokutana weka kigingi cha pili. Sekta imepatikana. Chora mistari ya sentimita 5 ukikumbuka kwamba ni ukingo wa ndani wa mstari ndio mpaka, na chokaa yote inakaa upande wa nje.

Usiishie mita 20 ukidhani panatosha. Rekodi ya dunia ni mita 23.56, aliyoiweka Crouser huko Los Angeles tarehe 27 Mei 2023, na miezi michache baadaye mjini Budapest alishinda ubingwa wa dunia kwa 23.51, tena katika raundi ya mwisho, akiwa na damu iliyoganda mguuni. Vuta mistari hadi mita 25, na wasogeze wapiga picha na watoto waokota matufe mbali zaidi ya hapo.

Ardhi ya kutulia iwe laini kiasi cha kuacha shimo linaloonekana, na isiteremke. Mteremko unaoruhusiwa kuelekea upande wa kurushia ni 1 kwa 1,000, yaani kwa mita 20 usizidi sentimita 2. Viwanja vyetu vingi huanguka hapa. Ukiweza kuchagua upande wa kurushia, chagua ule unaopanda kidogo.

Matufe yapimwe mbele ya macho yako

Tufe la wanaume lina uzito usiopungua kilo 7.26 na kipenyo cha milimita 110 hadi 130. La vijana chini ya miaka 20 ni kilo 6, la chini ya miaka 18 ni kilo 5, na nimewahi kukuta yote matatu yamechanganywa kwenye gunia moja. Tafuta mizani unayoiamini. Pitisha mkono juu ya kila tufe: lisiwe na kingo, tundu wala rangi iliyobanduka, maana ngozi yake lazima iwe laini kote. Lililokubalika litie alama ya rangi, na lisilokubalika lifungie mbali. Mrushaji akija na tufe lake, lipimwe kabla ya mashindano, na likishakubaliwa liko wazi kwa washindani wote.

Rekodi ikivunjwa, tufe hilohilo linarudi kwenye mizani kabla halijaguswa na mwingine. Andika namba yake.

Nani anasimama wapi

Unahitaji watu wasiopungua wanane wanaojua kazi zao. Mwamuzi mkuu wa tukio anashika bendera mbili, nyeupe na nyekundu. Wawili wanalinda duara: mmoja anasimama usawa wa ubao, macho yake miguuni tu, mwingine upande wa pili, nyuma kidogo, anatazama mkono, shingo na nusu ya nyuma ya duara. Akiingia mrushaji wa mkono wa kushoto, wabadilishane upande, kwani mkono wenye tufe sasa uko kwingine. Mmoja yuko sektani na sindano ya kuwekea alama. Wawili wa tepu. Mmoja wa kuandika, na ukipata wa pili aandike nakala yake ili mlinganishe kila mwisho wa raundi. Saa aishike mtu asiye na kazi nyingine.

Wa sektani asisimame palepale kama mlingoti. Anasogea kulingana na anayerusha, anasimama pembeni ya mahali anapotarajia tufe litue, na halipi mgongo kamwe. Kuhusu kurudisha matufe, sina mzaha: yanabebwa au yanaviringishwa kwenye mfereji wake. Hakuna kurusha tufe kurudi duarani.

Kabla ya raundi ya kwanza

Katika ubingwa wa dunia na Olimpiki kunakuwa na mchujo kwanza, kwa kawaida makundi mawili, kila mtu majaribio matatu. Anayefikisha kiwango kilichotangazwa anafunga begi lake na kwenda kupumzika. Wasipofika 12, wanaongezwa waliofuatia kwa umbali. Matokeo ya mchujo hayaingii kwenye fainali hata kidogo.

Fainalini, mpangilio wa kurusha hupatikana kwa kura. Waite kwa majina, kagua vidole. Glovu haziruhusiwi, wala kufunga vidole viwili au zaidi pamoja kwa plasta. Mkanda wa kiunoni unaruhusiwa. Chaki mkononi ni sawa, shingoni pia ni sawa, na utaona wengi wana baka jeupe chini ya sikio. Hilo si kosa. Kosa ni kupaka kitu chochote kwenye viatu au kunyunyiza sakafuni.

Wape majaribio ya kujipasha moto kwa mpangilio uleule wa kura, chini ya usimamizi. Mashindano yakishaanza, hakuna kujaribu tena duarani wala kuokota tufe la mashindano kwa mazoezi.

Mrusho mmoja, tangu jina hadi bendera

Mwandishi anaita jina la anayerusha na la anayefuata. Duara likiwa tupu na sekta salama, saa inaanza: dakika 1. Zikibaki sekunde 15 bendera ya njano inapanda na inabaki juu. Ikitimu dakika naye ameshaanza mwendo wake, mwache amalize.

Mrushaji anaingia, anasimama kimya, ndipo anaanza. Tufe liguse shingo au kidevu, au liwe karibu kabisa navyo, na mkono usishuke chini ya hapo wakati wa mwendo. Lisipelekwe nyuma ya mstari wa mabega. Linasukumwa kutoka begani kwa mkono mmoja. Hapa ndipo kazi ya mwamuzi wa pili inapokuwa ngumu, maana siku hizi wengi wao huzunguka. Kuna mtindo wa kuteleza, ulioletwa na Parry O'Brien wa Marekani miaka ya 1950, ambapo mrushaji huanza akiipa sekta mgongo na kuruka kwa mguu mmoja hadi mbele. Na kuna mtindo wa kuzunguka ulioletwa juu na Aleksandr Baryshnikov wa Umoja wa Kisovieti, aliyefikisha mita 22.00 mwaka 1976. Kovacs, Crouser na Walsh wote ni wa kuzunguka. Katika mzunguko, tufe huachana na shingo kwa kufumba na kufumbua, na usipokuwa umekaza macho kwenye kidevu tangu mwanzo, hutaliona kosa.

Miguu ina sheria zake. Kugusa uso wa ndani wa ubao si kosa, na wala kugusa ukuta wa ndani wa pete si kosa. Kosa ni kugusa juu yake, au ardhi ya nje. Kuna jambo moja ambalo waamuzi wengi wa zamani hawalijui: anayezunguka akigusa ukingo au nje yake katika mzunguko wa kwanza, huko nyuma kabisa ya ile mistari myeupe ya pembeni, na mguso huo haukumpa nguvu ya kusukuma, hahesabiwi faulo. Usinyanyue nyekundu kwa mazoea.

Anaweza pia kusimama katikati ya mwendo, akaweka tufe chini, akatoka na kuanza upya, mradi hajavunja sheria na muda bado upo. Nimeona waamuzi wakimwadhibu kijana kwa hilo. Wanakosea.

Tufe likitua, mgusano wake wa kwanza na ardhi uwe ndani ya mistari. Likigusa chokaa, ni faulo. Mrushaji habanduki duarani kabla tufe halijatua, kisha anatoka kwa nusu ya nyuma: hatua yake ya kwanza ya nje iwe nyuma kabisa ya mstari mweupe. Wengi hupoteza mrusho mzuri hapa kwa furaha, wanaruka mbele kushangilia. Mwamuzi mkuu asipandishe nyeupe mpaka auone mguu umetoka nyuma.

Kupima

Hapa nisamehe nikikaa kidogo.

Tufe la kilo 7.26 likitua kutoka juu huacha shimo, kisha hujiviringisha mbele na kuacha mfereji. Unachotaka ni ukingo wa shimo ulio karibu zaidi na duara, ule wa nyuma, upande wa mrushaji. Inama. Usiweke sindano ukiwa umesimama. Udongo uliorushwa pembeni si sehemu ya shimo, na mara nyingi ukingo wa kweli umefunikwa na chembechembe, upulize, usiukwangue. Sindano ikae wima.

Sifuri ya tepu inakaa kwenye sindano. Mwisho mwingine unavutwa hadi duarani, unapitishwa juu ya katikati ya duara, na unasoma pale tepu inapokutana na ukingo wa ndani wa pete au wa ubao. Kupita katikati ndiyo roho ya jambo lote. Tufe lililotua karibu na mstari wa pembeni kwa mita 20, ukivuta tepu moja kwa moja hadi katikati ya ubao badala ya katikati ya duara, utamzidishia karibu sentimita 5. Kosa hili daima humwongezea mrushaji, halimpunguzii kamwe, kwa hiyo yeye hatalalamika.

Naijua hesabu hiyo kwa sababu niliwahi kuifanya vibaya. Ilikuwa mashindano ya shule ya ngazi ya mkoa, mimi ndiye niliyeshika tepu upande wa duara, watu wanapiga kelele, mvua inakaribia. Kijana wa mwisho aliangusha karibu na mstari wa kushoto nami nikavuta hadi ubaoni, palipokuwa karibu na mkono wangu. Alimpita mwenzake kwa sentimita 3 akachukua nafasi ya kwenda taifa. Usiku, nikichora duara kwenye daftari, ndipo nilipoelewa nilichofanya, na shimo lilikuwa limeshasawazishwa kwa reki. Tangu siku hiyo hugongelea kijimsumari kidogo katikati ya duara, usawa wa zege, na kukipaka rangi nyekundu. Tepu isipokifunika, sisomi.

Soma kwa kushusha. Ikiangukia kati ya sentimita mbili, andika ya chini: 22.909 ni 22.90. Ndiyo maana pengo la Doha kati ya Kovacs na wale wawili lingeweza kuwa milimita moja tu, au kukaribia sentimita mbili. Sheria haiangalii zaidi ya sentimita kamili. Taja namba kwa sauti, mwandishi airudie, ndipo ing'olewe sindano. Katika mashindano makubwa hutumika kifaa cha kielektroniki, nacho kinahitaji mtu anayejua kuweka alama kwenye ukingo sahihi wa shimo. Mashine haichagui shimo.

Raundi tatu, halafu nane bora

Washindani wakizidi wanane, kila mmoja ana majaribio matatu, kisha wanane wa juu wanapata mengine matatu. Raundi ya nne mpangilio unageuzwa: wa nane anaanza, anayeongoza anamaliza. Baadhi ya mashindano yana utaratibu wake wa kupunguza watu au wa kupanga upya, basi soma kanuni za mashindano husika wiki moja kabla. Kwenye karatasi, faulo ni X, aliyeacha jaribio kwa hiari ni mstari mfupi, aliyejiondoa ni r.

Wawili wakilingana, tazama mrusho wa pili kwa ubora wa kila mmoja, kisha wa tatu, na kuendelea. Hivyo ndivyo Crouser alivyompita Walsh Doha, wote wakiwa na 22.90. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tena Paris tarehe 3 Agosti 2024: Crouser alitwaa dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki kwa 22.90, na nyuma yake Kovacs na Mjamaika Rajindra Campbell wakafungana kwa 22.15. Kovacs alipewa fedha kwa mrusho wake wa pili. Sasa fikiria mwamuzi aliyeona mrusho fulani si mrefu, akaupima kwa haraka au akamshauri kijana asijisumbue kuusubiri. Kila mrusho halali upimwe kwa uangalifu uleule, hata ulio mfupi kuliko aliokwisha nao. Huo mfupi unaweza kuwa ndio medali.

Pingamizi

Mjini London mwaka 2017 Kovacs alirusha mbali sana, bendera ikapanda nyekundu. Marekani ikakata rufaa, ikakataliwa, na Walsh akawa bingwa kwa 22.03. Hukumu kama hiyo inaweza kukupata wewe Jumamosi ijayo. Mrushaji akipinga faulo papo hapo kwa mdomo, refa wa mashindano, aliye juu ya mwamuzi mkuu wa tukio, anaweza kuamuru mrusho upimwe na kuandikwa pembeni, ili haki isipotee wakati shauri linasikilizwa. Hilo haliwezekani kama shimo limeshapigwa reki. Kwa hiyo mfundishe mtu wa sektani: bendera nyekundu ikipanda, aweke sindano vilevile, ahesabu hadi kumi, amtazame mwamuzi mkuu, ndipo asawazishe.

Mwishoni linganisha karatasi mbili mstari kwa mstari, tia saini, andika saa kamili matokeo yalipotangazwa. Pingamizi la matokeo hupokelewa ndani ya dakika 30 tangu hapo. Dakika hizo zisipite ukiwa kwenye basi. Kaa karibu na duara, tepu ikiwa bado uwanjani na matufe yaliyotiwa alama yakiwa mbele yako.